Darasani Hakuna Baba

Mimi nilifundisha darasa la tano kwa chupa. Sisemi hivi kujisifu. Ndivyo wenzangu walivyonicheka katika chumba cha walimu, na kwa kuwa wao walikuwa wengi na mimi peke yangu, jina likaniganda: mwalimu wa machupa. Mkaguzi alipotaka sayansi alitaka ionekane ubaoni kwa Kifaransa, mistari kumi, wanafunzi waiandike, waikariri, wairudishe siku ya mtihani bila kupunguza hata nukta. Wenzangu walimpa alichotaka, wakapata alama nzuri za ukaguzi. Kichwa changu ni kigumu tangu utoto. Niliona aibu kumsomea mtoto mistari kumi juu ya mizizi wakati mtoto mwenyewe ameng'oa magugu na mama yake tangu anajifunza kutembea, na ya mizizi anayajua kuliko aliyeandika kitabu.

Basi asubuhi, baada ya kupandisha bendera na kuimba zile nyimbo za chama tulizotakiwa kuimba, niliwaingiza darasani na kuwapa kitu cha kushika. Tulichuma maua mekundu kwenye ua wa parokia, tukayaloweka katika maji ya moto, kisha tukayagawa katika vikombe. Tone la limau, maji yanakuwa mekundu zaidi. Maji ya majivu kidogo, yanageuka kijani. Tuliloweka yai katika maji ya malimau mpaka ganda likaisha, likabaki yai la kubonyea, wakapigania kulishika. Tulipanda maharagwe katika kopo na kuliweka mbali na dirisha, tukaona miche inavyopinda kutafuta mwanga. Wanafunzi arobaini na saba walipokuwa wakipiga kelele juu ya yai moja, mkurugenzi wa shule alipita barazani akitikisa kichwa, nami nikafurahi kabisa.

Mmoja wa hao arobaini na saba alikuwa binti yangu.

Katika mji wetu si jambo la ajabu mwalimu kumfundisha mtoto wake. Shule ilikuwa kati ya Kasha tulikokaa na Bagira, darasa la tano lilikuwa moja, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Muhula wa kwanza akawa wa kwanza darasani. Siku ya kutoa karatasi za alama mama mmoja, muuza unga, alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema mbele ya wazazi wote:

"Citoyen, mutoto wako njo wa kwanza, na njo wewe unasahihisha. Tuseme nini?"

Mkurugenzi akaniita pembeni, akaniambia nilinde heshima yangu. Jioni ile nikatangaza sheria nyumbani, nimesimama, kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Kuanzia kesho darasani hakuna baba. Kuna Citoyen, "mwananchi", kama walimu wote tulivyotakiwa kuitwa enzi zile. Sitamchagua kujibu. Kukiwa na kitu kisichotosha, yeye ndiye atakosa. Na alama zake nitazikata nusu, mtu asipate la kusema.

Mke wangu alikuwa hai wakati ule. Alikuwa akimenya maharagwe mabichi, hata hakuinua macho.

"Na huku kwa nyumba kuko nani?"

"Huku niko papa."

"Bon," akasema. "Usisahau."

Naye ndiye aliyelinda mpaka huo. Nikianza kumsahihisha mtoto Kifaransa chake tunapokula, mke wangu aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko: "Masomo imefungwa, papa." Nami nikanyamaza, mtoto akacheka na chakula mdomoni. Sheria yangu ilikuwa na mlinzi, ndiyo maana haikutuumiza.

Mke wangu aliugua siku tatu tu. Wiki mbili nyumba ilijaa watu, wakalala hata jikoni. Kisha wakaenda, na mvua zikaanza. Nani anapanda mlima wa Kasha kwenye utelezi kumtembelea mwalimu ambaye hata enzi za furaha hakuwa mtu wa maongezi? Tulibaki wawili. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na moja, akashika mwiko bila kuambiwa. Mimi nilitandaza vichupa vyangu mezani, nikavipanga, nikavifuta, nikaandika somo la kesho. Mvua ikipiga mabati haikuwezekana kusema jambo bila kupaza sauti, na sisi hatukupaza sauti. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Sikufikiri hata mara moja kwamba anayekaa mbele yangu alikuwa mpweke vilevile.

Jioni moja alisimama karibu na meza na sahani mkononi.

"Citoyen, chakula iko tayari."

Nilicheka, nikadhani ulimi umeteleza. Yeye hakucheka. Siku ya pili alisema tena hivyo, nikaacha. Siku ya tatu nilikuwa nimezoea. Na niseme ukweli wote: ilinifaa. Baba wa mtoto aliyefiwa na mama alipaswa kufanya nini, sikujua. Mwalimu nilijua afanye nini saa yoyote ya siku. Anakagua daftari, anauliza swali ambalo jibu lake tayari analo, anasema vizuri au rudia. Nilimfanyia hivyo binti yangu kila jioni, tukala, tukalala.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Walungu na kapu la viazi vitamu. Hakuingia ndani, kwa heshima ya ukwe. Alikaa kwenye benchi nje, uso ameuelekeza kwenye migomba, nami nikakaa mlangoni nikitazama upande mwingine, ndivyo tulivyozungumza daima.

"Mukwe wangu," akasema, "mutoto mwanamuke anakomaa kwa mukono ya mama. Mama hayuko. Unipatie yee."

"Mutoto iko na baba."

"Minajua. Nauliza tu: unakala naye saa gani?"

Hilo lilinichoma, nikajibu kwa ukali kuliko inavyoruhusiwa kwa mkwe. Nilimwambia nakaa naye mchana kutwa shuleni na usiku nyumbani, baba gani mwingine katika mji huu anamwona mtoto wake saa zote hizo? Mama mkwe akangoja nimalize. Kisha akasema hatutagombana juu ya kaburi bichi. Atarudi likizo ya Pasaka, mtoto ataulizwa mwenyewe, na atakachosema tutakifuata wote wawili. Nikakubali mara moja. Nilijiona nimeshinda. Lakini usiku nilihesabu ndugu nilionao, ambao tungeweza kula sahani moja, nikaona akiondoka huyu sitakuwa na mtu. Nyumba itakuwa mahali pa kuwekea vichupa.

Mpaka Pasaka nilikuwa na wiki saba. Mtu mwingine angezitumia kuwa baba. Mimi nilianza kuandaa somo la pumzi.

Ni somo zuri, hata leo nalipenda. Unachukua chokaa, unaikoroga katika maji, unaiacha mpaka asubuhi, unachuja kwa kitambaa na pamba. Unapata maji maangavu, huwezi kuyatofautisha na ya mto. Mtoto anapuliza ndani yake kwa mrija, taratibu, na maji yanageuka meupe mbele ya macho yake. Ndani ya pumzi yake kuna kitu, hakionekani, na maji ya chokaa yamekionyesha. Chokaa nzuri ilipatikana Katana, na katika hospitali ya kule nilikuwa na binamu muuguzi aliyeniwekea vichupa vitupu vya sindano. Nilipanga kwenda Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tukishamaliza kufyeka majani ya barabara. Binti yangu alinifuata mpaka njiani, miguu bado na matope ya kazi.

"Citoyen, naweza kuya na mimi?"

"Ni kazi ya masomo," nikamwambia. "Baki, fua nguo."

Nilipanda nyuma ya kamioneti, ziwa kulia kwangu, na njia nzima nikawaza vichupa arobaini na saba. Sikumwaza yeye. Najua hivyo kwa sababu nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilimwaza, na siwezi.

Mirija tuliipata bure: vikonyo vya majani ya maboga, vina uwazi katikati. Kila mtoto alileta chake, wakavikata, wakalalamika kwamba vinawasha midomo. Nilirudia mara tano kwamba tunapuliza, hatufyonzi. Kisha nikaanza kugawa vichupa na nikagundua kimoja kimepasuka mfukoni. Vimebaki arobaini na sita. Sikufikiri. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka kumwelekea binti yangu.

"Wewe utaangalia."

Aliweka kikonyo chake juu ya dawati, akafuta vidole kwenye sketi, akaangalia.

Kwa dakika chache darasa lilikuwa kimya namna ambayo halijawahi kuwa. Watoto arobaini na sita wamevimbisha mashavu. Mmoja akafyonza badala ya kupuliza, akatema mpaka mlangoni, tukamsukutua kwa maji. Halafu sauti ya kwanza ikatoka nyuma: "Inakuwa maziwa! Inakuwa maziwa!" Na darasa zima likalipuka. Waliinua vichupa kwenye dirisha, wakalinganisha cha nani cheupe zaidi, wakagombana. Mimi nilisimama katikati yao na nikasahau kwamba nimefiwa. Kwa dakika zile nilisahau.

Nilipowatuliza niliuliza: "Kintu gani iko natoka ndani yetu?"

Mikono ikapanda. Mmoja akasema moshi. Mwingine akasema mate. Mwingine chumvi. Mmoja akasema ni maziwa ya mama tuliyonyonya tukiwa wadogo, bado yako ndani, tukacheka wote. Binti yangu alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo. Alikuwa mstari wa tatu, mbele yangu kabisa. Mkono ulipochoka aliushika kiwiko kwa mkono mwingine, akaendelea kuuinua. Niliwachagua wa kushoto kwake, wa kulia kwake, wa nyuma yake, wengine mara mbili. Nilimwona vizuri. Ile ilikuwa sheria, na sheria nilikuwa nimeifuata kwa miezi kadhaa bila kosa, nikijivunia. Mwishowe hakuna aliyepata jibu, nikalijibu mwenyewe ubaoni, kwa Kifaransa, mistari kumi, kama wenzangu. Nilipogeuka mkono wake ulikuwa umeshuka.

Jioni alipika majani ya yale maboga na ugali. Tulikula. Nikauliza:

"Leo ulitaka kusema nini, kwa masomo?"

"Nilisahau, Citoyen."

Hakuwa amesahau. Mtoto yule hakusahau kitu. Nikaona lazima nifanye jambo, na jambo nililoliona, Mungu anisamehe, lilikuwa ni kurudia somo. Nilikuwa nimebakiza maji ya chokaa katika chupa moja kubwa iliyofungwa. Nikayamimina katika glasi ya mama yake, ile nzuri tuliyoificha kwa ajili ya wageni, nikamkatia mrija, nikamsogezea. Nilitaka afurahi. Nilitaka apige kelele kama wale wengine.

Alipuliza taratibu, vizuri, bila kurusha hata tone. Maji yakawa meupe. Akaacha, akanitazama, akangoja. Sasa nikikumbuka naona kwamba alinipa muda mrefu. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema nimemkumbuka mama yake. Ningeweza kusema samahani kwa leo. Mimi nikasema:

"Na juu ya sababu gani imekuwa nyeupe?"

Akaweka mrija chini, akanyoosha mgongo, akajibu kwa Kifaransa, sentensi nzima kama ilivyokuwa ubaoni, kwamba hewa tunayotoa ina gaz carbonique, hewa ya ukaa, nayo huchafua maji ya chokaa. Hakukosea hata herufi.

"Très bien," nikasema.

Akanyanyua sahani akaenda kuosha. Nilikaa pale na glasi mbele yangu. Nilijua nimeharibu, lakini sikujua ni nini hasa nilichoharibu, na badala ya kumfuata nje nikafungua daftari la maandalizi nikaandika kwamba somo limefaulu.

Wiki zilizobaki nilijitahidi, kwa namna yangu. Nilimnunulia viatu vya mpira. Nilimpa alama zake zote bila kukata nusu, na akazitazama akadhani nimekosea kujumlisha, akanirudishia karatasi nisahihishe. Mara mbili nilijaribu kumwita *mutoto wangu* njiani tukirudi, na mara zote mbili kulikuwa na wanafunzi wengine karibu, nikajizuia.

Mama mkwe alikuja Jumatatu ya Pasaka. Akakaa kwenye benchi lake, mimi mlangoni kwangu, na mtoto akasimama katikati. Alikuwa amevaa vile viatu. Mama mkwe akamuuliza kwa upole, bila kumvuta upande wowote, lazima niseme haki yake:

"Unataka kubakia huku ao kuya na mimi?"

Nilikuwa na uhakika. Hata sasa nashangaa jinsi nilivyokuwa na uhakika. Shule yake iko hapa, rafiki zake, darasa ambalo wenzake wa shule nyingine walilionea wivu. Kule Walungu angefundishwa kwa mistari kumi ubaoni na fimbo.

Hakunitazama. Alisema na bibi yake, polepole, kama mtu aliyefikiri siku nyingi.

"Koko, huku kuko Citoyen. Anafundisha muzuri, muzuri sana. Batoto bote banamupenda. Lakini mi minataka papa. Nikiwa kwako, atakuya kuniangalia. Kule hana masomo."

Mama mkwe alishika ncha ya kitenge chake akaifungua, akaifunga tena. Mimi nilitafuta kosa katika yale maneno. Huo ndio ugonjwa wangu, hata saa ile nilitafuta kosa, nimkamate nalo, nimwambie rudia. Halikuwapo. Ndipo nilipolia, mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi, na yeye akageuza uso zaidi kuelekea migomba ili asinione.

Ahadi ni ahadi. Nilifunga nguo zake mwenyewe, chache zile, nikabeba sanduku mpaka kamioneti za Walungu zinapojazia watu. Bibi alikaa mbele, yeye nyuma juu ya magunia kati ya wanawake wa soko. Injini ilipowaka akainama ukingoni.

"Papa, utakuya siku gani?"

Nilikuwa sijalisikia neno hilo tangu mama yake azikwe.

"Samedi," nikasema. "Nikimaliza salongo."

Nilienda Jumamosi ile, na nyingine nyingi, miaka yote mpaka alipoolewa. Alinikimbilia njiani akiita papa hata kabla sijafika kwenye ua, na tulikaa, tukala viazi vya moto, akanieleza habari za mbuzi na za majirani, nami nilijifunza kumuuliza mambo ambayo jibu lake nilikuwa silijui. Kule nilikuwa baba mzuri, mama mkwe mwenyewe alisema. Jumapili jioni nilirudi Kasha, nikafungua mlango, nikawasha taa, nikakaa mezani. Hapakuwa na mtu wa kuniambia chakula kiko tayari, wala wa kuniita Citoyen. Siku nyingine nilijipikia, siku nyingine nililala hivyo hivyo.